CHEREHANI NA WATU WALIOIGOMBANIA

Tafuta sindano mbili. Moja iwe sindano ya mkono, ile inayotumika nyumbani kushonea kifungo kilichokatika. Ya pili iwe sindano ya cherehani. Kama huna, mwombe fundi wa kijijini kwenu akuonyeshe. Ziweke sindano hizo kiganjani, uzitazame vizuri.

Sindano ya mkono ina ncha upande mmoja, na tundu la uzi upande wa pili. Ncha inatangulia na uzi unafuata nyuma, kama mkokoteni unavyomfuata punda. Ndivyo sindano zilivyokuwa kwa maelfu ya miaka, tangu zilipokuwa zikichongwa kwa mfupa. Sasa tazama sindano ya cherehani. Tundu lake liko kwenye ncha yenyewe.

Kulihamisha tundu hilo kutoka nyuma kwenda mbele ni jambo dogo kwa macho. Lakini liliwasumbua mafundi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Baadaye lilileta ugomvi na kesi. Watu wengine walitajirika kwa ajili yake, na wengine walikufa maskini. Mwezi huu tunazungumza juu ya watu hao na mashine yao.

MKONO HAUIGIKI

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Fikiri mtu anavyoshona kwa mkono. Anachoma kitambaa kwa sindano, anaiachia, kisha anaipokea upande wa pili. Halafu anaichoma tena na kuirudisha. Kila mara sindano yote inapita ndani ya kitambaa, na uzi wote unapita pamoja nayo.

Kwa mtu mwenye vidole kazi hiyo ni rahisi. Kwa mashine ni ngumu sana. Mashine haina vidole vya kuachia na kupokea. Tena uzi wa mkono ni mfupi, hauzidi sana urefu wa mkono wa mshonaji. Ukiisha, anafunga fundo na kutunga uzi mwingine. Watu wa kwanza waliojaribu kutengeneza cherehani walitaka kuuiga mkono. Wengi wao walishindwa.

Njia ilipatikana watu walipoacha kuuiga mkono. Walisema, sindano isiachiwe kamwe. Ishikwe na mashine, iingie kwenye kitambaa na kutoka kwa njia ileile iliyoingilia. Basi tundu likae nchani, ili ncha ikitokeza kidogo tu upande wa chini, uzi nao uwe umefika.

Lakini hapo ilitokea shida nyingine. Jaribu mwenyewe. Chukua sindano ya cherehani yenye uzi, uichome kwenye kitambaa, halafu uivute irudi. Uzi nao unarudi. Hakuna mshono uliobaki. Lazima kuwe na kitu chini ya kitambaa cha kuushika uzi usirudi.

Uzi unaweza kushikwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mshono wa mnyororo. Uzi ni mmoja tu. Kitanzi kinashikwa chini, na kitanzi kinachofuata kinapita ndani ya kile cha kwanza. Mshono huu unaujua. Ndio unaofunga mdomo wa mifuko mingi ya mbolea na ya unga. Ukiupata uzi wenyewe, unavuta mara moja tu na mdomo wote unafunguka trrr! Ukiukosa, utahangaika mpaka utafute kisu. Kwa mfuko unaotakiwa kufunguliwa, mshono huo unafaa sana. Kwa suruali unaweza kukuaibisha mbele za watu.

Njia ya pili ni mshono wa nyuzi mbili. Uzi mmoja uko juu na mwingine uko chini. Huu wa chini umeviringishwa kwenye bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachokaa chini ya bamba la cherehani. Sindano inashuka na uzi wa juu. Inapoanza kupanda, uzi wake haupandi mara moja kwa sababu kitambaa kinaubana. Kwa hiyo unalegea kidogo na kufanya kitanzi kidogo sana pembeni mwa sindano. Wakati huohuo ndoano iliyo chini inapita, inakidaka kitanzi, inakipanua na kukizungusha kwenye bobini nzima. Uzi wa juu unakuwa umeukumbatia uzi wa chini. Sindano inapopanda, fundo linavutwa katikati ya kitambaa na kukaa humo. Ukikata uzi mahali pamoja, mshono wote haufumuki.

Hapa tuwape faida wale wanaojifunza kushona. Nyuzi hizo mbili lazima zivutane kwa nguvu sawa. Ukiona vitanzi vilivyolegea upande wa chini wa kitambaa, mara nyingi wenye kosa ni uzi wa juu, ingawa uchafu unaonekana chini. Watu wengi hukimbilia kuifungua bobini. Kwanza utunge upya uzi wa juu, halafu ukaze kidogo skrubu yake.

MFARANSA ALIYEVUNJIWA MASHINE

Mtu wa kwanza anayejulikana kuwa aliziweka cherehani nyingi pamoja zikafanya kazi ya kweli ni Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1793. Alikuwa fundi nguo, akikaa katika mji mdogo wa Amplepuis. Katika sehemu zile watu wengi walikuwa wakitarizi vitambaa kwa sindano yenye ndoano. Thimonnier aliitazama ndoano ile ikipanda na kushuka, akaona kwamba hata mashine ingeweza kuifanya kazi hiyo.

Alitengeneza mashine yake kwa mbao. Ilishona mshono wa mnyororo kwa uzi mmoja. Mwaka 1830 alipata hataza. Hataza ni hati ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kimebuniwa na mtu fulani, na kwamba kwa muda wa miaka fulani mtu mwingine hana ruhusa ya kukitengeneza bila kibali chake. Likumbuke neno hilo, maana baadaye litaleta vita.

Thimonnier alikwenda Paris. Huko ilifunguliwa karakana ya cherehani 80, zikishona sare za askari. Mafundi nguo wa Paris walipata habari. Wao walikuwa wakishona kwa mkono na kulipwa kwa kila nguo. Mwezi Januari 1831 kundi la mafundi hao, wanaokadiriwa kuwa 200, liliingia kwa nguvu katika karakana na kuzivunjavunja mashine. Thimonnier mwenyewe ilimbidi akimbie.

Ndugu msomaji, usiwe mwepesi wa kuwaita mafundi wale wajinga. Walijua hesabu. Kama mashine moja inafanya kazi ya watu kadhaa, basi watu hao wangekula nini? Hakuna aliyekuja kuwaambia watapata kazi gani nyingine, au kwamba nao watafundishwa kuitumia mashine. Waliona sare zinashonwa bila wao, na nyumbani wana watoto. Kuvunja mashine hakukuwasaidia, kwa sababu baada ya miaka michache cherehani zilikuja kutoka kwingine. Lakini hofu yao ilikuwa na sababu, na mbele utaona kwamba si yote waliyoyaogopa yalikuwa ndoto.

Thimonnier alirudi kwao. Alijaribu tena, akaboresha mashine, akapata hataza nyingine. Bahati haikumrudia. Alikufa mwaka 1857 hana kitu, wakati ambapo Marekani watu wengine walikuwa wakiuza cherehani kwa maelfu.

BABA, BINTI NA PINI

Kabla hatujafika kwa matajiri hao, tumtaje Walter Hunt wa New York. Katika miaka ya kwanza ya 1830 na kitu, mtu huyu alitengeneza cherehani yenye mambo mawili makubwa: sindano yenye tundu nchani, na nyuzi mbili. Ndiyo mashine uliyoelezwa hapo juu. Lakini hakuiombea hataza. Inasimuliwa kwamba alimshauri binti yake aitumie kwa biashara ya kushona, na binti akakataa, akisema mashine hiyo itawanyang'anya wanawake maskini mkate wao. Baba akaiacha.

Hunt alikuwa mtu wa kubuni vitu na kuviacha. Mwaka 1849 alibuni ile pini yenye kifuniko ambayo akina mama wamekuwa wakiitumia kufungia nepi za watoto. Haki yake aliiuza kwa dola 400 tu ili alipe deni. Waliomnunua walipata fedha nyingi.

MTOTO WA MKULIMA

Sasa tunafika kwa Elias Howe. Alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Elias alikuwa na ulemavu wa mguu, kwa hiyo kazi za shamba zilimchosha. Akiwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha nguo katika mji wa Lowell. Baadaye alifanya kazi Boston kwa fundi wa vyombo vya vipimo. Huko alisikia watu wakisema kwamba atakayetengeneza cherehani nzuri atatajirika.

Alioa, akapata watoto. Mshahara wake haukutosha. Inaelezwa kwamba mke wake alikuwa akishonea watu nguo usiku ili wapate chakula, na Howe alikaa akiutazama mkono wake ukienda na kurudi. Rafiki yake, George Fisher, ambaye alikuwa akiuza kuni na makaa, aliichukua familia nzima ikae nyumbani kwake. Tena alimpa Howe dola 500 za kununulia vifaa. Walikubaliana kwamba hataza ikipatikana, nusu itakuwa ya Fisher.

Watu hupenda kusimulia kwamba Howe aliota ndoto. Aliota ametekwa na mfalme wa nchi ya mbali, na askari wa mfalme wana mikuki yenye matundu kwenye ncha. Akaamka, akajua mahali pa kuliweka tundu la sindano. Ni hadithi tamu, lakini mimi nina mashaka nayo. Tundu la nchani lilikuwa limekwisha kubuniwa na Hunt, na hata wengine. Tena Howe alikuwa amefanya kazi kiwandani, mahali ambapo kila siku aliona kile chombo cha mashine ya kufumia kinachokimbia na uzi kutoka upande huu kwenda upande huu. Cherehani yake ilikuwa na chombo kama hicho chini ya sindano. Nafikiri macho yake yalimfundisha zaidi kuliko usingizi.

Mwaka 1845 mashine ilishona. Howe aliipeleka Boston, akashindana na wanawake watano waliokuwa hodari wa kushona kwa mkono. Mashine ilipiga mishono 250 kwa dakika moja, ikawashinda wote watano. Tarehe 10 Septemba 1846 alipata hataza.

Utadhani wateja walimiminika. La! Hakuna aliyenunua. Bei ilikuwa dola 300, fedha nyingi sana siku zile. Tena mashine ilikuwa na kasoro. Kitambaa kilikuwa kikitundikwa wima kwenye bamba lenye miiba. Bamba likifika mwisho, fundi alisimama, akakitoa kitambaa na kukitundika upya. Na ilishona mstari ulionyooka tu. Jaribu kushona kola ya shati hivyo! Mafundi nao walikataa, kwa sababu ileile ya wenzao wa Paris.

Ndugu yake Howe, aitwaye Amasa, aliichukua mashine moja hadi London. Huko akaiuza kwa mtengenezaji mmoja wa nguo za ndani, William Thomas, kwa pauni 250, pamoja na haki ya kuitumia Uingereza. Howe mwenyewe akamfuata Thomas kufanya kazi kwake. Hawakupatana. Mwisho Howe aliweka rehani mashine yake na hati zake za hataza ili apate nauli ya kurudi. Alipofika Marekani mwaka 1849, mke wake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Muda si mrefu akafa.

Katika taabu hiyo, Howe aliona jambo la ajabu madukani. Cherehani zilikuwa zinauzwa, na ndani yake mlikuwa na sindano yake.

MWIGIZAJI WA MICHEZO

Aliyeuza kwa wingi kuliko wote alikuja kuwa Isaac Merritt Singer. Jina hilo unalijua, maana limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye cherehani nyingi za zamani. Singer alizaliwa mwaka 1811. Alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani, na pia fundi mitambo. Mwaka 1850 alikuwa katika karakana moja mjini Boston ambamo cherehani za mtu mwingine zilikuwa zinaletwa kutengenezwa kila mara, maana zilikuwa zinaharibika. Singer alizitazama, akasema anaweza kuleta nzuri zaidi. Mwenyewe alisimulia kwamba aliikamilisha kwa siku 11.

Aliyobadilisha ni mambo ya kufaa. Kitambaa kililazwa mezani badala ya kutundikwa. Sindano ilisimama wima, ikapanda na kushuka. Kijiguu cha chuma kilikandamiza kitambaa kisiinuke pamoja na sindano. Hivyo fundi aliweza kushona bila kusimama, na kugeuza kona apendavyo. Singer pia alileta kanyagio la mguu, mikono yote miwili ikabaki huru kushika nguo. Hataza yake ni ya Agosti 1851.

Usisahau na Allen Wilson, Mmarekani mwingine. Huyu ndiye aliyebuni namna ya meno madogo yaliyo chini ya kijiguu kukisukuma kitambaa. Zungusha gurudumu la cherehani polepole uyaone. Yanapanda, yanasukuma kitambaa mbele, yanashuka, yanarudi nyuma yakiwa chini. Halafu yanapanda tena. Watu hawamsemi sana Wilson, lakini bila meno yale fundi angekivuta kitambaa kwa mkono, na mishono ingekuwa mirefu na mifupi kama njia ya mlevi.

Howe alimshitaki Singer. Singer akajitetea kwa ujanja. Alimtafuta Walter Hunt, akamleta ashuhudie kwamba yeye alibuni kabla ya Howe. Ilikuwa kweli. Lakini Hunt alikuwa ameuacha uvumbuzi wake bila hataza kwa miaka mingi, na sheria haikumpa haki. Mwaka 1854 Howe alishinda. Singer alimlipa dola 15,000.

Vita haikuisha hapo. Kila kampuni ilikuwa na hataza ya kitu kimoja: huyu sindano, huyu meno, huyu kijiguu. Hakuna aliyeweza kutengeneza cherehani nzuri bila kugusa haki ya mwenzake. Wakawa wanashitakiana kila siku, na waliofaidi ni mawakili. Mwaka 1856 wakubwa wanne, Howe na kampuni tatu, walikaa wakapatana. Hataza zote ziliwekwa pamoja. Kila mtu aliyetaka kutengeneza cherehani Marekani aliwalipa wao. Mwanzoni malipo yalikuwa dola 15 kwa kila mashine, na 5 kati ya hizo zilikwenda kwa Howe. Yule mtu aliyeweka rehani hati zake akapata karibu dola milioni 2 kabla ya kufa mwaka 1867.

Mapatano hayo yaliondoa kesi. Lakini na wewe fikiri: dola 15 zile zilitoka mfukoni mwa nani? Zilitoka kwa mnunuzi. Hataza za mwisho zilipokwisha muda wake mwaka 1877, mtu yeyote aliweza kutengeneza, na bei ikashuka.

KULIPA KIDOGO KIDOGO

Cherehani ya nyumbani ilipita dola 100, na jamaa wengi wa Marekani hawakuweza kutoa fedha hizo kwa mara moja. Mwaka 1856 mshiriki wa Singer katika biashara, mwanasheria Edward Clark, alianzisha mpango. Mtu alitoa fedha kidogo, akaichukua mashine, kisha akalipa kila mwezi. Biashara ikapanda sana. Mwanamke aliweza kulipia mashine kwa fedha alizopata kwa mashine hiyohiyo. Lakini aliyeshindwa kumaliza alinyang'anywa mashine, na fedha alizokwisha kutoa zilipotea. Mipango ya namna hiyo ingaliko mpaka leo, kwa pikipiki, kwa simu na kwa taa za jua. Soma karatasi yote kabla hujaweka sahihi. Ndiyo faida mojawapo ya kujua kusoma.

Kampuni moja ya cherehani iliwahi kupima muda wa kushona shati la mwanamume. Kwa mkono, saa 14 na dakika 26. Kwa mashine, saa 1 na dakika 16. Hesabu hizo zilitolewa na wauzaji wenyewe, kwa hiyo zichukue kwa uangalifu, lakini tofauti kubwa ilikuwepo. Mama wa nyumbani aliyekuwa akiwashonea watoto wake alipumzika kweli.

Kwa yule aliyeshona kwa kulipwa mambo yalikuwa mengine. Shati liliposhonwa upesi zaidi, malipo ya kila shati yalishuka. Ilibidi ashone mashati mengi zaidi ili apate fedha zilezile. Wanawake na wasichana walikusanywa katika vyumba vilivyosongamana, mashine kwa mashine, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, kwenye ghorofa za juu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana. Wengine waliruka madirishani. Baada ya msiba huo wafanyakazi walidai, na sheria za usalama wa viwanda zikakazwa katika jimbo hilo. Hata hivyo, mwaka 2013 jengo la Rana Plaza lenye karakana za kushona nguo lilianguka huko Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na wafanyakazi wakaamriwa warudi kazini.

Gandhi wa India, ambaye hakupenda mashine zinazowanyima watu kazi, aliisamehe cherehani. Aliihesabu katika vitu vichache vya mashine vyenye faida, akisema kwamba Singer aliitengeneza kwa kumhurumia mke wake. Kuhusu mashine nakubaliana naye, maana mtu mmoja anaweza kuimiliki, kuitengeneza na kula kwayo bila kumpigia tajiri magoti. Kuhusu huruma, Gandhi alipewa habari zisizo kamili. Singer alikuwa na wanawake kadhaa na watoto zaidi ya 20, na mwenyewe alisema wazi kwamba alitafuta fedha.

KUTOKA CLYDEBANK

Mwaka 1885 kampuni ya Singer ilifungua kiwanda kikubwa sana huko Clydebank, Scotland. Kilikuwa na mnara wa saa ulioonekana toka mbali, na stesheni yake ya reli iliitwa Singer. Cherehani za kiwanda hicho zilisafirishwa kwa meli kwenda nchi nyingi.

Mwezi uleule wa Machi 1911 ambao kiwanda cha Triangle kiliungua, huko Clydebank palikuwa na mgomo. Wanawake 12 waliokuwa wakisugua meza za mbao za cherehani waliambiwa wafanye pia kazi ya wenzao walioondolewa, bila malipo ya kutosha. Walikataa. Karibu wafanyakazi wote, kama 11,000, wakagoma pamoja nao. Mgomo ulishindwa baada ya wiki tatu hivi, na mamia ya waliouongoza wakafukuzwa kazi. Wengine wao walikwenda viwanda vingine vya mto Clyde na kuendelea na kazi ya kuunda vyama vya wafanyakazi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Stesheni ingali inaitwa Singer. Siku hizi cherehani nyingi za kanyagio unazoziona kwenye baraza za maduka hutoka Asia, kama zile za Butterfly za Shanghai, China. Umbo lake limeiga lile la Singer ya zamani, na fundi aliyejifunza kwenye mojawapo haoni taabu kukaa kwenye nyingine. Hazihitaji umeme. Zinataka mafuta mepesi ya cherehani, si mafuta ya kupikia, maana mafuta ya kupikia yanaganda na kufanya gundi. Na vumbi la nyuzi linalojaa chini ya meno liondolewe kwa brashi kila wiki. Likikaa, meno hayapandi vizuri, na kitambaa kinasimama mahali pamoja huku sindano ikiendelea kukitoboa.